Treetops na Lusinga: Historia ya Nyumba za Wageni katika Hifadhi za Taifa

1.0 Utangulizi

Reli inayoanzia Lobito, bandari ya Angola katika Bahari ya Atlantiki, huvuka mpaka na kuingia Kongo mahali paitwapo Dilolo. Kutoka hapo hupita Kolwezi na kufika Tenke, ambako huungana na njia iendayo Lubumbashi. Tangu njia hiyo ilipokamilika mwaka 1931, kazi yake kuu imekuwa moja, nayo ni kuifikisha shaba ya Katanga baharini. Vita vya Angola viliikatiza mwaka 1975. Baada ya ukarabati wa miaka mingi, mwaka 2018 madini ya Kongo yalianza tena kupitia Dilolo kwenda Lobito.

Kaskazini-mashariki ya Kolwezi iko Hifadhi ya Taifa ya Upemba, ambayo sehemu yake imo katika mkoa wa Lualaba. Hifadhi hii ilianzishwa tarehe 15 Mei 1939, na kwa hiyo ni miongoni mwa hifadhi kongwe za Afrika. Wakati wa kuanzishwa kwake ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 17,730, kabla ya mipaka kurekebishwa mwaka 1957. Licha ya ukongwe na ukubwa huo, Upemba haikujipatia nyumba ya wageni yenye sifa duniani. Kwa upande mwingine, katika msitu wa Nyandarua nchini Kenya, nyumba ndogo ya mbao iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932 ilikuja kuwa mojawapo ya hoteli zinazojulikana zaidi katika bara zima. Nyumba hiyo ni Treetops.

Makala haya yanaeleza historia ya Treetops na kuilinganisha na ya Upemba. Yanakusudia kuonyesha kwamba hoteli ya hifadhini haitokani na uzuri wa mahali peke yake, bali hutokana na jibu lililotolewa kwa swali hili: ardhi hii imefungwa kwa faida ya nani? Nyeri ilijibu kwamba ni kwa ajili ya mgeni, na Upemba ikajibu kwamba ni kwa ajili ya mwanasayansi. Katika majibu yote mawili mwenyeji hakutajwa.

2.0 Mbuga, hifadhi na loji

Ni vyema kuanza na msamiati, kwa sababu maneno yenyewe yamebeba sehemu ya historia. Neno ambalo wasemaji wengi wa Kiswahili hulitumia kwa mahali penye wanyama wa kutazamwa ni *mbuga*. Kwa asili mbuga ni uwanda wenye nyasi, ambao mara nyingi hutwama maji wakati wa masika. Maana ya "mahali pa wanyama" ilijitokeza kwa sababu wanyama wakubwa huonekana kwa wepesi katika nyanda za namna hiyo. Kwa maana ya asili, bonde la Upemba lenye maziwa, matete na vinamasi ni mbuga hasa. Nyandarua, ambayo ni milima yenye msitu mzito na ukungu, si mbuga hata kidogo, ingawa vitabu vya shule huiita hivyo.

Neno *hifadhi* lina asili ya Kiarabu na maana ya kulinda au kutunza. Ni neno la kisheria zaidi, nalo humfanya msikilizaji aulize kinacholindwa ni nini, kinalindwa dhidi ya nani, na mlinzi ni nani. *Loji*, lililotoholewa kutoka Kiingereza, limeingia kwa sababu *hoteli* halikutosha. Nchini Kenya hoteli yaweza kuwa kibanda cha chai na maandazi kando ya barabara, hali loji ni nyumba ya wageni iliyo porini. Neno hili lilikuja pamoja na biashara iliyolileta, na wenyeji walilijua kwanza kama mahali pa kuajiriwa kabla ya kulijua kama mahali pa kulala.

3.0 Nyumba juu ya mugumo

Mwanzilishi wa Treetops alikuwa Mwingereza Eric Sherbrooke Walker, ambaye aliwahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwasisi wa chama cha maskauti. Walker na mkewe Lady Bettie walifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri mwaka 1928. Nyeri ilikuwa katikati ya eneo la walowezi, kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Safu hiyo mvumbuzi Joseph Thomson aliipa jina la Aberdare mwaka 1884 kwa heshima ya rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Hata milima, basi, ilikuwa na majina mawili: moja la waliokuwa wakiitazama kila siku, na jingine la bwana ambaye jina lake lilitumwa kutoka mbali.

Treetops ilianza mwaka 1932 kama tawi la Outspan. Ilikuwa na vyumba viwili tu, vilivyowekwa juu ya matawi ya mti mkubwa uliokabili dimbwi la maji na ardhi yenye chumvi. Wanyama walikuja kunywa maji na kulamba chumvi, na wageni waliwatazama kutoka juu. Gari liliwafikisha wageni hadi mahali fulani msituni, kisha walitembea kwa miguu wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki. Ngazi zilipigiliwa kwenye miti kando ya njia ili mtu apate pa kukimbilia iwapo angekutana na kifaru au tembo. Wakiisha kupanda, wageni walitakiwa kunyamaza na kungoja.

Mpango huu ulikuwa na werevu wake. Katika uwindaji wa zamani mgeni alimfuata mnyama, lakini hapa mgeni alikaa mahali pamoja na mnyama ndiye aliyemfuata. Kilichouzwa hakikuwa ngozi wala pembe, bali usiku mmoja wa kutazama. Kwa sababu hiyo Treetops huhesabiwa kuwa mfano wa awali wa utalii wa kutazama wanyama kama ulivyoenea baadaye Afrika Mashariki.

Hata hivyo mti wenyewe haukuwa mti wa kawaida. Ulikuwa mugumo, mti wa jamii ya mitini ambao kwa Wagikuyu una hadhi ya pekee. Chini ya mugumo wazee walitoa sadaka na kuomba mvua, nyuso zao zikielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mugumo uliotengwa kwa ibada haukukatwa wala haukuvunjwa tawi. Si kila mugumo uliotengwa hivyo, lakini hakuna Mgikuyu mzima wa wakati ule aliyeutazama mugumo kama kiunzi cha mbao tu. Masimulizi yaliyoenea ya kuanzishwa kwa Treetops humtaja Walker na mkewe kwa majina. Waliozipandisha mbao hutajwa kwa jumla, ikiwa wanatajwa.

4.0 Usiku wa tarehe 5 Februari 1952

Hifadhi ya Taifa ya Aberdare ilitangazwa mwaka 1950. Miaka miwili baadaye Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza na mumewe Philip walifika Kenya wakiwa njiani kwenda Australia na New Zealand, kwa niaba ya Mfalme George wa Sita aliyekuwa mgonjwa. Koloni la Kenya lilikuwa limewapa zawadi ya nyumba ya Sagana kwa ajili ya arusi yao. Kutoka Sagana walikwenda Treetops alasiri ya tarehe 5 Februari, wakalala huko, na asubuhi ya tarehe 6 wakarudi.

Usiku ule ule Mfalme alifariki huko Sandringham, Uingereza. Jim Corbett, mwindaji na mwandishi aliyepata umaarufu nchini India na ambaye wakati huo aliishi Nyeri, alikuwamo Treetops pamoja na wageni hao. Baadaye aliandika katika kitabu cha wageni kwamba binti mfalme alipanda mtini akiwa binti mfalme na akashuka akiwa malkia. Maneno hayo yamerudiwa katika vitabu vya safari na matangazo ya biashara kwa zaidi ya nusu karne.

Mtazamo wa kihistoria unahitaji kutenganisha mambo mawili hapa. Kwa sheria ya Uingereza, mrithi huwa mtawala mara tu mtangulizi wake anapofariki, na kwa hiyo kauli ya Corbett ni sahihi. Lakini habari yenyewe haikumfikia Elizabeth juu ya mti. Ilimfikia Sagana, mchana wa tarehe 6, na mumewe ndiye aliyemweleza. Sagana haikupata sifa hiyo, Treetops iliipata. Tukio ambalo hakuna aliyelijua lilipotokea liligeuzwa kuwa mali ya nyumba, na tangu hapo nyumba ikauza usiku mmoja uliokwisha kupita pamoja na usiku ambao mgeni alikuwa akiulipia.

5.0 Moto wa 1954

Miezi minane baada ya ziara hiyo, tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya. Wapiganaji wa Mau Mau, waliodai ardhi na uhuru, waliingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Msitu uliokuwa hifadhi ya wanyama ukawa eneo lililokatazwa, na mtu aliyekutwa humo aliweza kupigwa risasi. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, na kando ya msitu lilichimbwa handaki refu kwa kazi ya kulazimishwa ili wapiganaji wasipate chakula kutoka kwa jamaa zao.

Katika hali hiyo Treetops haikuwa tena nyumba ya kutazamia tembo. Askari wa King's African Rifles waliitumia kama kilingo cha kuchungulia nyendo za wapiganaji. Tarehe 27 Mei 1954 nyumba iliteketezwa kwa moto pamoja na mti wake, na wapiganaji wa Mau Mau ndio waliofanya hivyo. Vitabu vya watalii kwa kawaida hulitaja tendo hili kwa sentensi moja, kana kwamba ni ajali iliyoikumba hoteli katika nyakati mbaya. Likitazamwa kutoka upande wa msitu, ni tendo la kivita dhidi ya kituo cha ulinzi, kituo kilichosimama juu ya mti wa heshima katika ardhi iliyokuwa ikigombewa.

Katika msitu huohuo upo mugumo mwingine, unaojulikana kama posta ya Kimathi. Inasimuliwa kwamba wapiganaji waliacha barua katika mti huo ili wenzao wazichukue. Dedan Kimathi, kiongozi wao mashuhuri, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika mwaka huohuo wa 1957 Treetops mpya ilijengwa karibu na mahali pa zamani, ikilikabili dimbwi lilelile. Safari hii ilikuwa kubwa zaidi na ilisimama juu ya nguzo.

Fasihi haikukaa kimya juu ya upande wa pili wa habari hii. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo juu ya kesi ya Kimathi, iliyotoka mwaka 1976, ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*. Hivyo msomaji wa Kiswahili alipata msitu wa Nyandarua usiokuwa na wageni wala malkia, bali wenye watu waliopigania ardhi yao.

6.0 Uzio na ukimya

Treetops ya pili iliendelea kupanuliwa hadi kufikia vyumba vipatavyo 50. Malkia Elizabeth aliitembelea tena mwaka 1983. Mazingira yake lakini yalibadilika. Mashamba na makazi yaliukaribia msitu, na njia ya zamani ya tembo kati ya Nyandarua na Mlima Kenya ikazibwa. Tembo waliobanwa karibu na dimbwi lenye chumvi waliangusha miti, na nyumba iliyoitwa kwa jina la vilele vya miti ikajikuta ikikabili uwanda mtupu.

Mwaka 1988 lilianzishwa shirika la Rhino Ark kwa lengo la kujenga uzio wa umeme. Uzio huo, wenye urefu wa kilometa zipatazo 400, uliizunguka safu yote ya Nyandarua na kukamilika mwaka 2009. Ulipunguza ugomvi kati ya wanyama na wakulima, na kwa wakulima wengi ulikuwa nafuu ya kweli. Hata hivyo wazee waliokumbuka handaki la miaka ya 1950 walikuwa wameuona ukingo wa msitu ukifungwa mara mbili katika maisha yao, kwanza ili watu wasiingie, kisha ili tembo wasitoke. Mwaka 2021 Treetops ilifunga milango yake baada ya janga la UVIKO-19 kukausha mkondo wa wageni. Nyumba iliyoundwa kwa ajili ya mgeni haikuweza kusimama bila mgeni.

7.0 Upemba: hifadhi ya wanasayansi

Ili kuelewa kwa nini Upemba ilifuata njia nyingine, inafaa kurejea kwenye siasa ya Wabelgiji. Hifadhi ya Albert, ambayo sasa ni Virunga, ilianzishwa mwaka 1925. Mwaka 1934 iliundwa Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Kibelgiji, iliyoongozwa na Victor van Straelen. Taasisi hiyo ilishikilia kwamba hifadhi ni maabara ya asili, na kwamba mtu yeyote, awe mwenyeji au mtalii, ni kizuizi kwa sayansi. Sehemu ya Rwindi katika Hifadhi ya Albert ilifunguliwa kwa wageni na kujengewa kambi ambayo baadaye ilikua hoteli. Hiyo ilikuwa ruhusa ya pekee, wala haikuwa kanuni.

Upemba iliwekwa chini ya kanuni kali. Makao yake yalikuwa Lusinga, kituo kilichoko kwenye uwanda wa juu wa Kibara, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kati ya 1946 na 1949 msafara wa kisayansi ulioongozwa na Gaston-François de Witte ulikusanya wanyama, wadudu na mimea kwa wingi mkubwa, na matokeo yake yakachapishwa katika mfululizo mrefu wa vitabu huko Ubelgiji. Manufaa ya kazi hiyo yalionekana hata baada ya miaka mingi. Mwaka 2005 mtaalamu F. P. D. Cotterill alieleza aina mpya ya mnyama wa jamii ya kuro, *Kobus anselli*, kwa kutumia vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa Ubelgiji tangu miaka ya 1940. Mnyama wa Upemba alipata jina lake rasmi kutoka kabati la makumbusho.

Sababu ya pili ni ya kiuchumi. Walowezi wa Nyeri walihitaji fedha za wageni. Katanga haikuzihitaji. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilichimba shaba, na reli kupitia Dilolo ilijengwa kwa ajili ya shaba hiyo. Uchumi wa migodi ulitafuta vibarua, nao haukuwa na haja ya watazamaji. Kwa hiyo nyumba za wageni zilizojengwa kwa fahari zilikuwa mijini na kwenye makampuni, na porini kilibaki kituo cha walinzi na wataalamu.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Katika bonde la Upemba, uchimbuzi wa akiolojia ulioanza Sanga mwaka 1957, kando ya Ziwa Kisale, ulifukua makaburi yenye vyungu, mapambo na misalaba midogo ya shaba. Yanaonyesha kwamba watu wameishi kando ya maziwa hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja, wakivua samaki na kufanya biashara ya shaba. Wazao wao walijikuta wakiitwa majangili pale walipowinda au kuvua mahali ambapo mababu zao walivua.

Sayansi iliyowafungia wenyeji mlango haikuweza kuilinda hifadhi peke yake. Vita vya Kongo vya kuanzia 1996 na makundi ya silaha ya Katanga yaliiacha Upemba bila ulinzi wa kutosha, na wanyama wakubwa wakapungua sana. Mwezi Desemba 2012 mhifadhi mkuu wake, Atamato Madrandele, aliuawa na watu wenye silaha. Tangu 2017 shirika la Forgotten Parks limeshirikiana na taasisi ya hifadhi ya Kongo katika kuifufua hifadhi hiyo, ambayo ni miongoni mwa makao ya mwisho ya punda milia nchini Kongo.

8.0 Hitimisho: nani ataandika kitabu cha wageni?

Treetops na Lusinga ni mifano miwili ya wazo moja. Nyeri iliwapa ardhi watazamaji, na Upemba iliwapa wachunguzi. Treetops ilijulikana kwa sababu ilikuwa na kitabu cha wageni na watu waliojua kuandika ndani yake. Lusinga inajulikana kwa majuzuu ya taasisi. Wapishi, walinzi, wapagazi na wavuvi hawakuwa na kitabu chao katika mahali popote kati ya hapo pawili.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu Katanga yenyewe imetoa mfano wa kinyume. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, kwa Kiswahili cha huko, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo, *Vocabulaire de la Ville de Elisabethville*, yalichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990 pamoja na ufafanuzi wake. Ndani yake ukoloni unatazamwa kutoka jikoni na uani na wale waliozihudumia nyumba za Wazungu. Treetops haikupata Yav wake, na ndiyo maana historia yake inayojulikana inaanza na Walker na kuishia kwa Malkia.

Ikiwa Upemba itafunguliwa kwa wageni kwa upana zaidi, loji zitajengwa na hadithi zitatafutwa za kuwasimulia watakaolala humo. Hadithi hizo zipo sasa kwa wavuvi wa Bukama, kwa wakulima wa Lubudi, na kwa wastaafu wa reli walioko Dilolo na Kolwezi, nazo husimuliwa kwa Kiswahili. Zikikusanywa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, mwenyeji ataingia hifadhini akiwa na jina. Zikiachwa hadi jengo lisimame, ataingia kama mbeba mizigo, na wengine ndio watakaoandika kilichotokea usiku ule.